Asilimia Arobaini na Moja

Kifuniko cha nyuma cha simu kilikuwa kimeachia upande mmoja tu. Fundi, aliyeitwa Taratibu, aliingiza kipande chembamba cha plastiki kwenye upenyo, akakisogeza kidogo, akasubiri gundi ilainike kwa joto, akakisogeza tena. Simu aliiacha ikiwaka. Kila baada ya muda aliigeuza ubavu na kuchungulia namba ya chaji iliyokuwa pembeni juu ya kioo: sitini na tatu.

"Shemeji, mbona unaipapasa kama yai?" aliuliza mume wa mdogo wake, aliyekaa kwenye kigoda mbele ya meza. "Wenzako wanabandua kwa kucha, dakika moja tayari."

"Na hao wenzangu ndio wanaoniletea wateja wa vioo vilivyopasuka."

"Mwache dada wa watu," mshonaji alidakia kutoka upande wa pili wa kabati lililogawa chumba. Mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani. "Unadhani jina la Taratibu tulimpa bure? Huyu akijikata na wembe, damu inasubiri kwanza apewe ruhusa."

Shemeji alicheka kidogo. Alikuwa amevaa shati la kazi, lenye alama ya hospitali kifuani, ingawa tangu juzi alikuwa hana kazi wala hajafukuzwa. Barua ilikuwa imeshachapwa. Ilisubiri sahihi ya msimamizi wa magari, na msimamizi alisema atapita hapa saa kumi. "Nionyeshe kwa macho yangu simu inayokufa ikiwa na asilimia arobaini na moja," alimwambia, "na barua hii nitaila na chai." Sasa ilikuwa saa tano asubuhi.

Habari yenyewe Taratibu alikwisha kuisikia mara mbili, moja kutoka kwa mdogo wake aliyekuwa akilia kwenye simu, na ya pili leo kutoka kwa mwenyewe. Shemeji ni dereva wa gari la wagonjwa. Juzi usiku alikuwa zamu, amekaa ndani ya gari kwenye maegesho ya chini ya jengo, akisubiri kuitwa. Mama mmoja mjamzito alizidiwa nyumbani kwake. Walimpigia dereva mara tisa kwa dakika hamsini, simu haipatikani. Mwishowe likapelekwa gari jingine kutoka mbali. Mama na mtoto walipona, ila kwa kuponea chupuchupu. Mlinzi alipotumwa chini alimkuta dereva amelala kwenye kiti, simu imezimwa mfukoni. Ilipowashwa mbele ya mlinzi, ikaandika arobaini na moja.

Hilo ndilo lililommaliza. Simu isiyo na chaji ingemtetea. Simu yenye karibu nusu ya chaji, iliyozimwa, ikiwa mfukoni mwa mtu aliyelala, nani angehitaji ushahidi mwingine? Na nyumba wanayokaa yeye, mkewe na binti yao wa miaka sita ni ya hospitali. Kazi ikienda, nyumba nayo inakwenda.

"Mimi sikuizima, shemeji," alisema sasa, kwa sauti ya chini. "Naapa."

"Sijasema uliizima."

"Hujasema sikuizima pia."

Taratibu alikisogeza tena kipande cha plastiki. Hakuwa mtu wa kusema kabla hajapima. Ufundi wake hakufundishwa na mtu. Alianza kwa kufungua simu mbovu za majirani na kuandika daftarini alichokiona, mstari kwa mstari, na mpaka leo hakuweza kuamini jambo ambalo halijaandikwa na mkono wake mwenyewe baada ya kupimwa na mkono huohuo.

Kifuniko kiliachia. Alikiweka pembeni, akavuta taa karibu, akainama juu ya betri.

Kichwani mwa betri, pale kinapokaa kibao chembamba cha saketi, palikuwa na matone manne ya lehemu. Yalikuwa ya mviringo, madogo, yamepangana kama vifungo vya shati. Kiwandani hawachomelei hivyo. Alilijua tone lile kama mtu anavyoujua mwandiko wake. Mikono ikasita.

"Vipi?" Shemeji alisimama nusu. "Umeona nini?"

"Kaa. Sijaona kitu bado."

Lakini alikuwa ameona. Betri za simu za aina ile huwa na kibao kichwani, na hicho ndicho kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka. Ndicho kinachoiambia simu iandike namba gani. Ukiweka betri mpya yenye kibao kigeni, simu inalalamika, kila ukiiwasha inaandika kwamba betri haitambuliki. Miezi minne iliyopita hospitali ilimletea simu sita za madereva abadilishe betri, na madereva hawakuupenda ujumbe ule. Walirudi wakimwambia, fundi, umetubandika feki. Basi alitazama mafundi wengine kwenye video, akajifunza. Unakikata kibao cha betri ya zamani, unakichomelea kwenye betri mpya, unakiandikia hesabu mpya kwa mashine, na simu inanyamaza. Wateja walifurahi. Naye, aseme ukweli, aliona fahari.

Hesabu aliyoiandika, yaani ujazo wa betri, aliitoa kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya betri: elfu tatu na mia mbili. Hakupima. Siku ile simu zilikuwa sita mezani na msimamizi alizitaka jioni ileile. Yeye anayepima kila kitu aliamini karatasi.

Huenda karatasi ilisema kweli. Tusubiri, alijiambia.

Aligusisha ncha mbili za mita ya umeme kwenye betri, akaandika daftarini: saa tano na robo, sitini na tatu, na volti zake. Kisha akacheza video iliyokuwa ndani ya simu, mwanga wa kioo katikati, sauti imezimwa, akaiegemeza kwenye mkebe wa vibano.

"Sasa?"

"Sasa tunaiacha ishuke. Kwa mwendo uleule, bila haraka. Nitapima kila ikipungua kidogo."

"Mpaka arobaini na moja?"

"Mpaka pale."

"Si tutakaa hapa mpaka ndevu zangu zifike magotini!"

"Zikifika magotini nitakushonea mfuko wa kuzibebea," mshonaji alisema. "Kwa shemeji wa watu sichukui hata senti."

Chumba kilikuwa na joto. Wateja wawili walikuja kwa mshonaji wakaondoka, mmoja akilalamika kwamba gauni linambana kwapani. Shemeji alisimama mlangoni, akakaa, akasimama tena. Namba ilishuka polepole, kama mzee anayeshuka ngazi. Sitini. Hamsini na nane. Taratibu alipima, akaandika, akapima, akaandika.

Kwenye hamsini na tano alirudia kupima mara mbili, kwa kudhani ncha haikugusa vizuri. Volti zilikuwa chini kuliko zinavyotakiwa kuwa. Kwenye hamsini zilikuwa chini zaidi. Betri yenye nusu ya chaji haikai pale. Pale hukaa betri iliyobakiwa na sehemu moja katika tano. Aliichora safu yote kwa penseli na kuitazama mpaka mwisho. Karatasi ilidanganya, naye aliunakili uongo wake ndani ya kibao na kuupa sura ya ukweli.

Alifungua daftari la miezi minne nyuma. Simu sita za hospitali, tarehe moja, betri za boksi moja. Mbele ya kila moja aliweka alama ya vema mwenyewe.

"Kuna nini huko?" Shemeji aliinama juu ya bega lake.

"Betri yako ni mbovu."

Uso wa Shemeji ulifunguka kama dirisha. "Si nilisema! Si nilisema mimi! Basi mwambie hivyohivyo: betri mbovu, kwisha habari."

"Ulimwambia imebadilishwa lini?"

Uso ukafunga tena. "Aliniuliza kama betri imezeeka. Nikasema hapana, ni mpya, shemeji yangu ndiye aliyeiweka." Alijikuna shingo. "Nilidhani nakusifia."

Mshonaji alikohoa nyuma ya kabati. Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu kuliko anaohitaji mtu kubadilisha uzi.

*

Msimamizi alifika saa tisa na nusu, mapema. Alikuwa mtu mnene, mwenye adabu, aliyejifuta jasho kwa leso iliyokunjwa vizuri. Aliamkia chumba kizima, akakataa kigoda, akakubali baada ya kubembelezwa mara ya pili. Bahasha aliilaza magotini.

"Haya, fundi. Iko ngapi?"

"Arobaini na mbili, mkuu."

"Nimefika kwa wakati, basi."

Wote watatu waliitazama simu ile iliyofunguliwa mgongo, ikionyesha watu wadogo wasio na sauti wakikimbia huku na huko. Namba ikawa arobaini na moja. Shemeji alishika ukingo wa meza. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Mshonaji alikuwa amesimama kando ya kabati, sindano mdomoni.

Arobaini.

"Imepita," alisema msimamizi.

"Subiri kidogo, mkuu," Shemeji alisema. "Subiri tu."

Thelathini na tisa. Watu wadogo waliendelea kukimbia.

Msimamizi alishusha pumzi. Haikuwa pumzi ya mtu aliyeshinda. "Sikiliza, dereva. Mimi si mtu mbaya. Nina watoto kama wewe. Lakini yule mama alikuwa anavuja damu sakafuni kwao, na mumewe ameshika simu anaambiwa haipatikani, haipatikani. Ningekuwa mimi ndiye mume yule?" Akaitoa barua ndani ya bahasha na kuanza kupapasa kalamu mfukoni.

Taratibu aliinama tena juu ya meza. Akagusisha mita tena kwenye betri. Volti zilikuwa zimefika ukingoni, lakini simu ilikuwa hai. Kwa nini juzi ife, leo isife? Alijiuliza swali hilo polepole, kama alivyokuwa akijiuliza kila swali, huku kalamu ya msimamizi ikitafutwa mfuko mmoja baada ya mwingine. Video haitumii mtandao. Mwanga uko katikati. Yeye mwenyewe ndiye aliyeibembeleza simu siku nzima, ili vipimo vitoke vizuri.

"Shemeji," alisema. "Juzi, kabla haijazima, ulikuwa unafanya nini nayo?"

"Nilishasema. Ilikuwa kwenye kiti."

"Simu iliyolala kitini haifi hivi. Hata hii iliyopasuliwa mgongo haijafa. Ulikuwa unafanya nini?"

"Nimekwambia, kitini!"

"Baba wee," mshonaji alitoa sindano mdomoni, "mtu anaokolewa anapiga mateke. Jibu swali la shemeji yako!"

Shemeji aliitazama barua. Akamtazama msimamizi, kisha sakafu. Simu ile ilikuwa ya kazi, na kila dereva alitia sahihi kwamba hataitumia kwa mambo yake.

"Nilikuwa naongea na mtoto," alisema hatimaye. "Kwa video. Nikiwa zamu ya usiku halali mpaka anione. Kule chini ni giza na mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nilipandisha mwanga wa kioo mpaka mwisho, ili anione uso. Tukaongea kidogo, halafu kioo kikawa cheusi. Nikadhani mtandao umekatika, au amelala na simu ya mama yake. Nikaitia mfukoni. Nikasinzia."

"Ukanidanganya," alisema msimamizi.

"Niliogopa, mkuu."

"Kwa hiyo ni makosa mawili."

"Mkuu," Taratibu alisema, "nipe dakika mbili. Kisha saini unachotaka kusaini."

Alizima video. Akapandisha mwanga wa kioo mpaka meza yote ikaonekana nyeupe. Akawasha data, akampigia mdogo wake kwa video, akaiinua simu kwa mikono miwili kwa sababu ya nyaya. Iliita. Thelathini na tisa. Ikaita tena. Msimamizi alikuwa ameegemea mbele, kalamu mkononi.

Kioo kikajaa uso wa mtoto, karibu mno, jino moja la mbele halipo.

"Mama mkubwa! Baba yuko wa…"

Giza.

Taratibu alibonyeza kitufe, akakishikilia. Simu ikawaka, ikaonyesha alama yake, ikaandika thelathini na tisa, wazi kabisa, kama shahidi asiye na haya. Msimamizi akaisoma kwa sauti. Kabla hajamaliza kutamka, ikazima tena.

Shemeji alikaa chini kwa uzito wote. Akaufunika uso kwa viganja, mabega yakimcheza.

"Haya," msimamizi alisema polepole. "Haya. Nimeona. Sasa niambie kitu kimoja, fundi. Betri ya miezi minne inafanyaje hivi? Maana dereva huyu aliniambia ni mpya."

Hapo ndipo palipokuwa na njia mbili, na Taratibu aliziona zote. Angeweza kusema betri nyingine hutoka kiwandani na kasoro, na hilo si uongo. Msimamizi angeitikia kwa kichwa, wangeagana. Alimwona Shemeji akimtazama kati ya vidole, akimwomba kwa macho aseme hivyohivyo.

"Ni kosa langu, mkuu," alisema.

Alivuta daftari, akaligeuza upande wa msimamizi. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikukwama.

"Chukua pipa la maji. Umeweka mtu mlangoni, hachungulii ndani ya pipa, kazi yake ni kuhesabu ndoo zinazotoka. Mimi nimemwambia pipa lina ndoo thelathini na mbili. Zikitoka kumi na tisa, anaandika kwamba zimebaki kumi na tatu. Hizo ndizo asilimia arobaini na moja zako. Lakini pipa lenyewe lilikuwa la ndoo ishirini. Imebaki ndoo moja, na mtu wa mlangoni hajui. Ukichota kwa kikombe, kama nilivyokuwa nafanya mimi leo na video yangu, maji yanatoka na unadhani mambo ni sawa. Ukitaka kuchota kwa ndoo, kwa video ya mtandao na mwanga wa kioo, unakuta patupu."

"Na mtu huyo wa mlangoni, nani alimwambia thelathini na mbili?"

"Mimi. Nilisoma kwenye karatasi ya betri, nikaamini. Sikupima."

Msimamizi alipitisha kidole kwenye safu ya namba. Kisha kidole kikasimama.

"Ulitutengenezea simu sita."

"Ndiyo, mkuu."

"Zote hivi?"

"Betri za boksi moja. Nilizifanya siku moja."

Leso ilianguka sakafuni, hakuiokota. "Mama yangu! Tatu ziko barabarani sasa hivi!"

Alitoa simu yake na kupiga. Wa kwanza alipokea, akaambiwa achomeke chaja na asiichomoe hata kwa dawa. Ilikuwa hamsini na sita, alisema, kuna shida gani, mkuu? Chomeka! Wa pili alipokea, alikuwa tayari kwenye chaja. Wa tatu hakupatikana.

Msimamizi alipiga tena. Sauti ileile ya kike, ya upole, ikasema ileile. Akaiweka simu kwenye kipaza sauti, kana kwamba alitaka Taratibu aisikie vizuri. Haipatikani. Taratibu alisimama bila kujua kwamba amesimama. Alimfikiria mtu asiyemjua, mahali asipopajua, ameshika simu na kupiga namba hiyohiyo.

"Yuko na nani zamu?" Shemeji aliruka. "Muuguzi! Yule mrefu, huwa anakaa naye mbele. Mpigie muuguzi."

Msimamizi alitafuta jina kwa kidole kilichokuwa kikiteleza. Ikaita. Ikaita mpaka ikakaribia kukatika.

"Haloo?"

"Mko wapi? Dereva wako yuko wapi?"

"Tuko kituo cha mafuta hapa, mkuu. Huyu hapa anajaza tairi upepo."

"Mwambie atoe simu yake mfukoni."

Zilisikika sauti za mbali, mlango wa gari, kicheko. Kisha muuguzi alirudi. "Imezima, mkuu. Anasema ajabu, alitazama muda si mrefu ilikuwa na arobaini na kitu. Kumetokea nini?"

"Usiache simu yako. Mtaitwa kwa namba yako. Nasema usiiache hata chooni!"

Alikata. Mshonaji aliinama, akaiokota leso, akaikung'uta na kumpa.

"Wewe dereva," msimamizi alisema mwishowe. Aliikunja barua mara nne na kuitia mfuko wa suruali, si kwenye bahasha. "Kuongea na mtoto kwa simu ya kazi ni barua ya onyo, na utaipata. Kulala zamu, wote mnalala, mimi mwenyewe nililala nilipokuwa dereva. Kuzima simu ndiyo kufukuzwa, na simu hukuizima. Kesho saa kumi na mbili uwe getini. Na siku nyingine ukiulizwa, sema mara ya kwanza."

"Ndiyo, mkuu. Asante, mkuu." Sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Usinishukuru mimi." Akamgeukia Taratibu. "Wewe sijui nikufanye nini. Nikikasirika, nakumbuka kwamba ungeweza kunyamaza. Nikitaka kukusamehe, namkumbuka yule mama."

"Hata mimi, mkuu."

"Nitaulizwa kama kazi zetu ziendelee kuja hapa. Nitasema ulichofanya na ulichosema, vyote viwili. Waamue wao." Alisimama. "Simu zilizopo ofisini nitazituma sasa hivi. Zilizobaki asubuhi. Na safari hii nitakuuliza umepimaje."

Alipotoka, Shemeji alizunguka meza, asijue afanye nini na mikono yake. "Ungesema betri mbovu tu. Nani angekubishia?"

"Na yule wa kwenye mafuta?"

Shemeji alisema anakwenda nyumbani kumwambia mkewe, akafika mlangoni, akarudi kuichukua kofia, akatoka tena na kuisahau tena.

"Mtu kaponea tundu la sindano, sasa anakwenda kichwa wazi," alisema mshonaji, akaitundika kofia kwenye msumari wake wa vitambaa. Kisha akaja kusimama karibu na Taratibu na kumtazama usoni. "Wewe unaendeleaje?"

"Mikono inatetemeka."

"Basi usishike moto sasa hivi. Kaa."

Alikaa. Simu mbili zililetwa saa kumi na moja, ndani ya mfuko wa karatasi, na mpeleka vifurushi aliyezileta alitaka sahihi. Taratibu alizipanga mezani, akaandika namba zilizoonyeshwa na vioo vyao, sabini na mbili na themanini, na mbele ya kila namba akaweka alama ya kuuliza. Betri zote zilizobaki za boksi lile alizitia ndani ya bati, akafunga, akaandika juu: zisiuzwe.

Kulikuwa na boksi jingine, la muuzaji mwingine. Karatasi zake nazo zilisema elfu tatu na mia mbili. Alichukua betri moja, akaigeuza upande wa pili ili asiisome karatasi hiyo. Akaijaza mpaka mwisho. Kisha akaiunganisha kwenye mashine ndogo inayonyonya umeme kwa kipimo kimoja na kuhesabu kila kinachotoka, akawasha saa. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Betri nzuri humaliza saa nane au tisa ikinyonywa hivyo, na mpaka ifike tupu hakuna mtu anayeweza kusema ilikuwa na kiasi gani.

Alikaa mbele yake, viwiko mezani, akiitazama hesabu ikipanda. Hamsini. Mia moja na ishirini. Upande wa pili cherehani ilirudia mwendo wake wa kawaida. Mdogo wake alipiga simu, akalia tena, safari hii kwa namna nyingine, na mtoto akadai kuelezwa kwa nini mama mkubwa alimkatia. Taratibu alimwomba radhi mtoto kwa utaratibu, akamweleza kuhusu pipa na ndoo, naye mtoto akauliza kwa nini mtu wa mlangoni hachungulii tu ndani.

"Ndicho ninachokifanya sasa," alimwambia.

Saa moja na nusu usiku mshonaji alikunja vitambaa, akachukua kufuli. "Tunafunga, au umehamia?"

Taratibu aliisoma hesabu ya mwisho: mia nne na kumi na saba. Hakuwa na desturi ya kuacha betri ikifanya kazi chumbani bila mtu. Aliwahi kuona moja ikifura na kutoa moshi mchana kweupe. Aliichomoa mashine, akaandika namba hiyo daftarini pamoja na saa, na chini yake akaandika: itaendelea kuanzia hapa. Nafasi ya jumla aliiacha tupu. Bado simu sita, na betri ya kwanza haijafika hata robo.

"Kesho nifungulie saa moja," alisema, akizima taa ya meza.

"Saa moja! Hata kuku wa jirani atashangaa."

"Saa moja," alisema Taratibu, akatoka.